Nyumba ya Kifungua Mimba

Julai, lango la meli za visiwani, bandari ya Pireas, Ugiriki. Watu wamebanana, masanduku yanagonga visigino, kila mtu anamkemea mwenzake. Sevasti, blauzi nyekundu na jinzi, alikuwa akiburuta boksi lenye cherehani ya mama yake iliyotoka kwa fundi. Kamba ikakatika.

"Binti, humu umemfungia nani? Bibi yako?" Sauti ya mwanamume, na mikono yake tayari imelidaka boksi.

"Mume wangu wa kwanza. Alikuwa na maswali mengi."

Mwanamume akacheka mpaka akakaribia kuliangusha. Aliitwa Minas, fundi umeme wa meli. Alizaliwa Pireas, lakini wazazi wake walitoka Olimbos, kijiji kilekile cha mlimani kisiwani Karpathos alikotoka Sevasti.

"Wewe wa nyumba ipi?"

"Ya karibu na vinu vya upepo. Mimi ndiye kifungua mimba."

"Basi nyumba ni yako."

"Nyumba yangu, mashamba yangu, na mkufu wa dhahabu. Na maringo pia."

"Hayo nimeyaona tangu getini."

Ndiyo desturi ya Olimbos: binti wa kwanza hurithi nyumba ya mama, na mume huingia humo. Mabinti wanaofuata hupewa baraka na ufagio. Sevasti hakuwahi kuona kasoro yoyote. Mdogo wake Irini alikuwa akiosha sahani mgahawani hapohapo Pireas, na dada mtu alimpigia simu Krismasi na Pasaka.

Miaka miwili wakapendana, mjini Pireas alikokuwa akifanya kazi Sevasti, penzi la kugombania mto wa kulalia na kijiko cha mwisho cha asali. Kisha mama akaugua, Sevasti akarudi kijijini kumuuguza. Jioni alipanda juu ya paa, ambako simu ilishika.

"Macho yangu, umekula?"

"Tambi za makaruni na vitunguu. Usithubutu kunibusu."

"Nitaziba pua nibusu."

"Utakuja lini, Minas?"

"Siku ya Nabii Eliya. Tupande wote mpaka kanisani kwake kileleni, kisha nishuke nikamwombe mama yako. Kuna jambo namalizia kwanza. Nitakwambia ana kwa ana."

Siku tatu baadaye Shangazi Kaliopi aliingia bila kubisha, mtandio begani.

"Minas wako amenunua nyumba Pireas. Vyumba viwili na roshani!"

"Uvumi huo, shangazi."

"Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja. Sasa mwanamume anayemwoa kifungua mimba, nyumba ya nini?"

Huko kwao hilo ni kofi la uso. Mwenye kununua nyumba yake ama anaidharau yako, ama ana mwingine wa kumweka. Sevasti angeweza kuuliza. Hakuuliza, kwa sababu kifungua mimba huombwa, haombi. Simu iliita siku kumi na moja, naye akaitazama ikiita. Siku ya kumi na mbili akatuma neno moja: Usije. Minas hakuja.

Ikapita miaka mitatu. Mama akafariki Februari, na nyumba yote ikawa ya Sevasti kweli: sahani za rangi ukutani, kitanda cha jukwaa kilichojengwa kwa familia nzima, na yeye peke yake. Kwa mazoea alipika makaruni ya watu wawili, akala ya mmoja, ya pili akawapa kuku. Alizoea kuzungumza na redio. Upweke ulimtafuna, na kiburi kikamzuia kusema.

Sikukuu ya Nabii Eliya ilipofika alivaa sketi nyeusi, kitambaa cha maua na viatu virefu vya ngozi, akapanda na wenzake. Kileleni upepo ulikuwa unasukuma watu mgongoni. Wakasali, wakala, wakaimba, wakashuka. Sevasti alibaki kukwangua nta ya mishumaa kanisani. Kivuli kikaziba mlango.

"Sevasti."

Alikuwa Minas, mvi zimemwingia kando ya masikio. Sevasti alirudi kwenye nta yake.

"Umechelewa. Nyama imeisha."

"Nimesikia habari za mama. Pole."

"Asante." Akakwangua pale ambapo hapakuwa na nta. Kisha kikamtoka kile alichokibeba miaka mitatu. "Ile nyumba ulinunua ya nani?"

Minas akaingia ndani, akachukua mshumaa.

"Ya Evdokia. Mdogo wangu. Dada yetu mkubwa alirithi ya mama, Evdokia akabaki kumfulia nguo. Nilimwapia sitavaa pete kabla hajapata paa lake. Ndilo jambo nililotaka kukwambia hapa juu."

"Mbona hukusema?"

"Simu iliita, Sevasti. Siku kumi na moja. Kuuliza si ujinga."

"Sikuwahi kuwafikiria wanaozaliwa wa pili."

Minas aliwasha mshumaa. Hapo ndipo Sevasti alipoiona pete, mkono wa kushoto, pete ya uchumba.

"Nani?"

"Mwalimu, wa Pireas. Tunafunga ndoa Septemba. Nilitaka kwanza nijue ulinikatalia nini. Sasa nimejua."

"Bado unanipenda?" Leo alikuwa ameamua kuuliza yote.

"Usiniulize hilo, macho yangu."

Lilimponyoka, na wote wawili wakalisikia. Minas akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Sevasti alisimama mlangoni akamtazama akishuka mpaka shati lake likapotelea kwenye mawe. Hakumwita. Alikaa chini akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea haya.

Kisha akatoa simu. Kileleni hushika vizuri kuliko paa lolote.

"Dada?" Irini alishtuka. Nyuma yake sahani zilikuwa zinagongana. "Nani kafa?"

"Hakuna. Irini, unalala wapi siku hizi?"

"Niko huku mwaka wa tisa. Ndiyo kwanza unaniuliza."

"Nakuuliza, mdogo wangu."

"Juu ya jiko la mgahawa. Kuna joto, lakini nimezoea. Dada, unalia?"

"Ninalia. Sikiliza. Nyumba ya mama ina funguo mbili, wa pili ni wako, na nusu ya nyumba ni yako. Watu waseme watakavyo. Meli ni Jumatano. Njoo na masanduku yako yote."

Sahani zikanyamaza.

"Dada," Irini akasema, "nina sanduku moja tu."