Namba Saba, Finya Mkono Wangu

Futa hicho kicheko usoni kwanza. Nawajua nyinyi mliosoma. Mtu akitaja jini mnatazamana, kisha mnamuuliza bibi kama amemeza dawa zake za presha. Nimemeza. Shule niliishia darasa la sita, lakini wodi ile ya utafiti nimeipiga deki miaka kumi na minne, na macho yangu hayana cheti wala hayakihitaji. Kama huamini, nenda kamwite yule daktari wa pale "Daktari" uone kama atageuka. Hageuki. Basi kaa, na usinikatize.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane vya watu waliopigwa na kiharusi. Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole, kamba za viatu daima zimefunguka. Alikuwa anatafuta jambo moja tu: kwa nini mgonjwa mmoja hurudiwa na maneno yake na mwingine habaki hata na moja. Ukutani alibandika karatasi nane, kila moja ina mstari. Mgonjwa akipata nafuu mstari unapanda. Asipopata, unalala chini kama kamba ya kuanikia nguo.

Sheria yake kubwa ilikuwa hakuna majina. Siku moja nilimsalimia mzee mmoja kwa jina lake, Daktari akanivuta pembeni.

"Bibi Deki, jina ni siri ya mgonjwa. Humu ndani wana namba."

"Na wao wanajua kwamba ni namba?"

"Ni utaratibu wa utafiti, Bibi."

Haya. Mimi nani nibishane na utaratibu.

Ndipo akaletwa fundi cherehani. Alianguka akishona, mguu bado uko kwenye pedali. Upande wake wote wa kulia ulikufa, macho yako wazi lakini hayatazami kitu. Wakampa kitanda cha saba, akawa Namba Saba. Mke wake alikuja kila siku, mwanamke mfupi mwenye kauli kali, nikampenda kwa hilo. Aliketi akimsimulia mumewe habari za wateja waliokuja kudai suruali zao, na fundi hakupepesa hata kope.

Kila siku saa nane mchana, nikiwa napiga deki chini ya vitanda, Daktari alimwinamia fundi sikioni na kusoma fomu yake: "Namba Saba. Kama upo humo ndani, finya mkono wangu." Anahesabu hadi kumi. Anarudia. Anahesabu. Mara ya tatu, kisha anaandika: hakuna. Saa hiyohiyo simu yake ilikuwa ikilia, imeandikwa "Mama", maana mama yake alimpigia kila siku kumuuliza kama amekula, naye kila siku aliilaza kifudifudi mezani.

Siku ya ishirini na mbili, mkono ulifinya.

Daktari alipiga kelele za furaha, mke wa fundi akapiga magoti. Mimi nilikuwa chini na tambara langu, mkono ule uko usawa wa macho yangu. Kwanza, ulikuwa ule wa kulia, uliokufa. Pili, vidole vinne vilifinya vizuri, ila kidole gumba kilikunjika kwa nyuma, kama mtu anayevaa glavu ya mwenzake asijue kidole kipi kinaingia wapi.

"Daktari, tazama hicho kidole."

"Misuli inajifunza upya, Bibi."

Basi ikajifunza. Kesho yake fundi aliketi. Keshokutwa wakamletea kadi za picha, arobaini, za kumpima mtu maneno. Daktari anageuza kadi, mgonjwa anasema anachokiona. Fundi akasema: "Kikombe. Ufunguo. Ngazi." Sauti ilikuwa safi mno, haina mikwaruzo ya mtu aliyelala wiki tatu. Daktari akazichanganya kadi, akaanza tena. Nilisimama nyuma yake nimeegemea fimbo ya deki, kwa hiyo niliona vizuri: fundi alikuwa anataja kadi kabla haijageuzwa.

"Amekariri," Daktari akasema.

"Umezichanganya mwenyewe sasa hivi."

"Basi bahati." Lakini alijipangusa jasho.

Mstari wa saba ukapanda hadi ukatoka nje ya karatasi, akabandika nyingine juu yake. Wageni wenye tai walikuja kuutazama. Na harufu ikaanza, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi halafu mtu akakifunua. Nilimwaga sabuni, nikamwaga dawa, nikafungua madirisha, na harufu ilikaa palepale, kuzunguka kitanda cha saba, haisogei hata upepo ukivuma. Wagonjwa wa kitanda cha sita na cha nane walikuwa hawasemi, masikini, lakini wote wawili walilala wamempa mgongo.

Wakamvika fundi kofia ya nyaya, ile inayochora umeme wa ubongo kwenye kioo. Mtu akilala, mistari hutulia, hata mimi nilishajifunza hilo. Fundi alifunga macho, akakoroma, na mistari ikaendelea kukimbia vilevile, kama mtu anayejifanya amelala ili asikilize wenye nyumba wanasema nini.

Siku ile mke wake alinifuata bombani.

"Bibi, wewe umeolewa?"

"Nimezika wawili. Sema."

"Mume akirudi si yeye, ungejuaje?"

"Angenioshea vyombo."

Hakucheka. Akaninong'oneza, "Ananiita 'mke'. Mke, leta maji. Mke, keti. Miaka kumi na tisa ana jina lake la utani ananiita, hata tukiwa tumegombana. Hata siku ya matanga ya mama yangu aliniita hilo."

"Kasahau. Ubongo umepigwa."

"Bibi, hayo maneno yake yote ni yenu. Anasema kama Daktari. Juzi amesema kama wewe."

Nilifunga bomba nimsikie vizuri, maana juzi nilikuwa nimemsikia mtu akisema "Haya, mimi nani nibishane," nikadhani ni mimi mwenyewe.

Kesho yake mchana mke alimletea fundi sindano, uzi na kipande cha kitambaa. Daktari alifurahi, akasema hicho ni kipimo kizuri kuliko vyake. Fundi akatunga uzi bila kutazama sindano, akaanza kushona, mishono midogo iliyonyooka kama ya mashine, na sote tukamtazama tukidhani tunaona muujiza, hadi nilipoona kitambaa kimeanza kuwa chekundu kwenye pindo, na nikaona kwamba sindano ilikuwa inapita kwenye kitambaa na kwenye nyama ya paja lake, inatoka, inaingia, inatoka, na yeye anamtazama mkewe usoni, anatabasamu, anamsubiri amsifu.

Daktari aliukata uzi. Akasema kupoteza maumivu ni dalili inayojulikana. Hakusema na nani.

Saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, mke wa fundi alikuja na mjomba wake, fundi redio mwenye kibanda nyuma ya soko. Watu humpelekea redio zao, na ndugu zao wakishindikana humpelekea pia. Alikuja na bisibisi kwenye mfuko wa shati, basi. Nilitegemea walau hirizi.

"Mkimgusa naita mlinzi," Daktari akasema.

"Simgusi, mwanangu. Niambie tu, humu mlikuwa mnamwitaje?"

"Namba Saba."

"Na mlisemaje?"

Daktari akamsomea fomu. Yule mzee akatikisa kichwa taratibu.

"Mwenye mwili alikuwa amezama mbali, anasikia mtu anaitwa, hajui kama ni yeye. Nyinyi mko mlangoni mnasema aliyemo ajitokeze, wala hamtaji nani. Siku ishirini na mbili. Hata mimi ningeingia."

Kitandani fundi, kofia ya nyaya bado iko kichwani, alicheka. Nakwambia tulikisikia kicheko kile kutoka kitandani na kutoka kwenye kona ya dari kwa wakati mmoja.

"Mwite," mzee akamwambia mpwa wake. "Si mimi, mimi hanijui sana. Anatakiwa mtu aliyekuwa akimwita kabla hajaugua. Mwite kwa jina lake mpaka asikie."

Ndipo kile kilichokuwa ndani ya fundi kikamgeukia yule mwanamke, kikasema naye kwa upole, kwa sauti ile safi.

"Mke, fikiri. Nikitoka nakuachia gogo. Halisemi, haliinuki, utaligeuza kila saa lisioze mgongo. Mimi nashona. Mimi nasema. Wateja watarudi. Watoto watakuwa na baba anayewajibu. Unataka nini zaidi?"

Hapo nikamwona anasita, na simlaumu. Alimtazama Daktari, na Daktari, Mungu amsamehe, alikuwa anatazama mstari wake ukutani.

"Mimi naitwa nani?" akauliza. "Nyumbani, naitwa nani?"

Kile kitu kilitembeza macho usoni mwetu, mmoja baada ya mwingine, kikitafuta jibu.

"Mke," kikasema.

"Nataka gogo langu," akasema yeye, akapanda kitandani kwa magoti, akamshika mumewe masikio yote mawili na kumwita jina lake, jina ambalo silitaji hapa kwa sababu nyinyi hamlihitaji, akaliita kama anavyomwita mtu aliyechelewa kurudi, kisha kama anavyomwita mtu aliyeko ng'ambo ya barabara yenye magari, kisha kama anavyomwita mtu aliye shimoni, na kila alipoliita ile harufu ilizidi hadi tukaziba pua, maji ya ndoo yangu yakaanza kutetemeka kama kuna lori linapita nje na nje hapakuwa na lori, mistari kwenye kioo ikapanda ikashuka ikagongana, na kutoka mle kifuani zikatoka sauti zetu sote, ya Daktari inayosema finya, ya wageni wenye tai, yangu mimi nikibisha, zote kwa pamoja, na chini kabisa ya hizo ikasikika moja ndogo, yenye mikwaruzo, inayoguna.

Kisha kofia ya nyaya ikachomoka kichwani mwake, ikadondoka sakafuni. Mdomo wa fundi ukaanguka upande. Mkono wa kulia ukafa tena.

Daktari alifunika uso. Mke hakulia. Alikaa akisubiri, na baada ya muda mkono wa kushoto wa fundi ukajikokota juu ya shuka, ukashika pindo la gauni lake, vidole vikaupapasa mshono taratibu, na uso wake mbovu ule ukakunjamana kwa hasira. Lilikuwa gauni la kununua dukani.

"Ni yeye," mke akasema. Hapo ndipo akalia.

Akamchukua nyumbani wiki hiyohiyo. Miezi sita baadaye fundi alisema neno lake la kwanza, na lilikuwa tusi, kwa mtoto aliyekata karatasi kwa mkasi wake wa nguo. Mke wake alikuja mbio hadi kwangu kunisimulia.

Lakini nisikimbie mbele. Jioni ile mzee wa redio aliokota kofia ya nyaya kwa ncha ya bisibisi, akaitundika kwenye ndoano yake.

"Limetoka kwake," akasema. "Sikusema limetoka chumbani. Hiyo namba msiiite tena."

Siku mbili baadaye, saa nane mchana, naingia na ndoo, namkuta Daktari amesimama mbele ya mashine. Kitanda cha saba kitupu. Kofia iko kwenye ndoano, haijamgusa mtu. Kwenye kioo mistari inakimbia.

"Ni umeme wa ukutani unaingilia," akasema. Alikuwa hajanyoa. "Mashine mbovu, Bibi. Kama ni mbovu, basi vipimo vyote vya yule fundi vilikuwa vibovu, na hakuna la ajabu lililotokea. Nitakuonyesha."

"Sitaki kuonyeshwa. Ichomoe."

Akalala kitanda cha saba, na viatu vyake vyenye kamba zilizofunguka. Akajivika kofia. Akaweka kifuani kinasa sauti chake, alichorekodia fomu kwa sauti yake ili hata siku asipokuwepo mgonjwa asikie vilevile.

"Daktari, inuka hapo."

"Dakika moja," akasema, akafumba macho, akabonyeza.

*Namba Saba. Kama upo humo ndani, finya mkono wangu.*

Moja, mbili, tatu. Hakikufika kumi. Mkono wake wa kulia ukajikunja juu ya shuka, vidole vinne vizuri, kidole gumba kwa nyuma.

"Daktari!" nikaita.

Akafumbua macho, akanitabasamia, na harufu ya kisima ikanijaa puani.

"Kikombe," akasema. "Ufunguo. Ngazi. Bibi Deki."

"Daktari! Daktari!" Nikaita mpaka koo likaniuma, na kile kitu kikaitika kila mara, kwa adabu kabisa, "Naam, Bibi," kwa sababu daktari ni yeyote. Miaka mitatu nimefagia chini ya miguu ya kijana yule. Jina lake sikuwahi kuliuliza. Hata ningelisoma kwenye kitambulisho chake, lingemjia kutoka kinywani mwa mtu ambaye hakuwahi kumwita.

Mezani simu ikaanza kulia. Mama. Mkono ule wa kulia ukanyooka kuifuata, ili kuilaza kifudifudi.

Mimi ni mzee, lakini mkono wangu umekamua matambara miaka kumi na minne. Nikauwahi. Vidole vyake vikanipita kwenye kifundo cha mkono, baridi kama maji ya chini, na mimi nikatoka na ile simu inalia kiganjani mwangu, nikaufunga mlango, nikaipokea: "Mama, njoo mbio umwite mwanao, kwa jina ulilompa."