Jalada Bila Lornah

"Toa na huo mkono."

"Mkono gani?"

"Wako. Huo uko kwa bega yangu."

Lornah aliikuza picha ikajaa skrini nzima. Uso wake na gauni lake la kitenge alikuwa ameshavifuta. Vilibaki vidole tu, vimekaa begani kwa Calvince kama vya mtu aliyesahaulika. Calvince, mwimbaji wa muziki wa ohangla na mchumba wake, alisimama nyuma ya kiti akitafuna mandazi. Gazeti la muziki la Mzee Ondiek lilikuwa linaenda kuchapishwa kesho, na Lornah ndiye aliyelitengenezea majalada.

Picha yenyewe ilipigwa kwao Lornah, Pap Onditi, siku Calvince alipompelekea mama mkwe ayie, ile pesa ya kumwomba mama akubali kumtoa binti yake. Calvince hajawahi kucheka mbele ya kamera kama alivyocheka siku ile.

"Si tutumie ingine, Cal?"

"Hii ndiyo imeshika. Byron anasema msanii akionekana ameshikwa, wasichana hawanunui tiketi."

Byron alikuwa meneja wake.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni biashara. Usiifanye ikuwe story."

Zamani Lornah angegomba. Leo hakuwa na nguvu hiyo. Amemtengenezea mabango bure tangu akiimba matangani Ahero kwa maikrofoni ya kuazima, na kila alipopanda ngazi moja, kulikuwa na sababu ya Lornah kusubiri kidogo. Alikuwa amechoka, mwili na roho.

Akanakili kipande cha shati, akakibandika juu ya vidole, akalainisha kingo. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakukutana na kompyuta.

Simu ikaita. Ilikuwa ya mama yake. Akaiweka kwenye spika.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo gazeti inatoka lini? Nimeambia akina mama wa kanisa nitawaonyesha wewe na bwana yako."

Andazi likasimama mdomoni mwa Calvince. Kwa Wajaluo, mkwe humheshimu mama mkwe kwa umbali. Hali chakula mbele yake, wala hamjibu ovyo. Calvince akaliweka andazi mezani, ingawa mama hakuwa anamwona.

"Cal yuko hapa, Mama. Muulize yeye."

"Calvince, baba, mko salama?"

"Salama, Mama."

"Kwa hiyo picha mko wote wawili?"

Lornah aliachia kipanya. Akisema hapana, alijiambia, nitamsamehe, angalau atakuwa amesema ukweli. Akisema ndiyo, navirudisha vidole sasa hivi.

"Ndiyo, Mama. Tuko wote wawili."

"Nyasaye awabariki."

Simu ikakatika. Lornah akaanza kurudisha alichofuta, na vidole vikajitokeza tena begani. Alifurahi, na akajionea aibu kwa kufurahi upesi hivyo.

"Sasa unafanya nini?"

"Si umesema tuko wawili?"

"Ningesema nini, na ni mama? Sikia, hii kitu ni rahisi. Tengeneza mbili. Hii yenye uko, tuchape moja tu, umpelekee. Hizo zingine ziende hivyo nimesema."

"Moja?"

"Hata mbili, kama anataka kupea pasta."

Lornah alicheka kidogo. Alingoja hasira, haikuja.

"Mimi unaweza kunifuta, Cal. Nimezoea. Lakini mama yangu humchezei hivyo."

Akavifuta vidole mara ya pili. Alifanya kazi safi, mpaka Calvince akainama karibu na kusema, "Hapo sasa." Akamtumia Mzee Ondiek ujumbe: *Jalada liko tayari.* Kisha akampigia mama, bado kwenye spika.

"Mama, Cal amekudanganya. Kwa gazeti yuko peke yake. Mimi nimetolewa."

"Lornah, wacha," Calvince alinong'ona.

 Kuku walisikika nyuma ya mama.

"Nani amekutoa?"

"Nimejitoa mwenyewe. Yeye ndiye aliniambia. Lakini sasa hata mimi nimetaka."

"Umetaka kabisa?"

"Kabisa, Mama. Nimechoka."

"Calvince, baba, unanisikia?"

Mwanamume anayechezesha watu mpaka asubuhi aliinama karibu na simu.

"Nakusikia, Mama."

"Ile ayie sijaigusa. Ukuje uichukue. Na ukitupata tunakula, kaa chini ule na sisi. Wewe si mkwe wangu tena."

Calvince akakaa kwenye kiti cha karibu. Lornah alizima kompyuta, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kutafuta gari la Pap Onditi.