Fundo la Mkono wa Kushoto

Shangazi yangu anakusanya mbegu. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Mlima wa mawe nyuma ya mtaa wetu una vichaka vya jamii ya kunde, vya maua ya njano, vinavyoota kwenye mchanga mkavu ambako hata nyasi zimekata tamaa. Wenye bustani wanazigombania mbegu zake. Taabu ni kwamba maganda yakikauka hupasuka yenyewe juani, pa! na mbegu zikaruka mbali. Kwa hiyo kila kishada kinavalishwa kimfuko cha kitambaa mapema, halafu unarudi kuvuna.

Mumewe ndiye aliyekuwa akishona hiyo mifuko na kuifunga. Alitumia mkono wa kushoto, na fundo lake lilikuwa la kukera, kulifungua mpaka utumie meno. Mwaka jana alipanda mlimani asubuhi, hakushuka. Tulimtafuta tukachoka. Ndugu zake wakamlilia, wakanyamaza. Shangazi hakutoa chozi.

"Sijaona maiti," alisema. "Nimlilie nani?"

Msimu huu nilipanda naye. Jua lilikuwa la utosi, maganda yakipasuka huku na huku, naye akiitania miguu yangu laini ya kukaa ofisini. Ghafla maganda yakanyamaza. Yote.

Mbele yetu kichaka kimoja kilikuwa kimekunja majani. Vichaka hivi hukunja majani jua likizama. Hiki kilikuwa kimelala mchana kweupe. Kwenye tawi lake ulining'inia mfuko ambao hatukuufunga sisi.

Shangazi akaligusa fundo.

"La kushoto," akanong'ona.

"Ni la mwaka jana, shangazi. Twende."

"La mwaka jana? Hebu tazama kitambaa."

Kilikuwa kisafi, kina maua ya bluu, kinanukia sabuni. Nilikijua. Shuka lenye maua hayo tulilitandika wote wawili kitandani kwake asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kupanda.

Tulishuka mbio. Mlango ulikuwa na kufuli kama tulivyouacha. Shuka lilikuwa mahali pake, limenyooka. Upande aliokuwa akilala mumewe palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, kingo zake zimepindwa na kushonwa vizuri. Ndani ya tundu, juu ya godoro, kulikuwa na mchanga. Nikaugusa. Ulikuwa wa moto.

Nilimsihi ahamie kwangu. Nililia, sioni haya kusema. Akakataa katakata.

"Nikihama, atanikuta wapi?"

Baadaye likatobolewa pazia. Kisha foronya. Kila mara mfuko ulionekana chini zaidi mlimani, karibu zaidi na nyumba.

Jana nilienda kumwona mapema. Nyuma ya jiko lake, kwenye udongo mweusi wa majimaji, pameota kichaka cha maua ya njano. Juzi hakikuwepo. Udongo ule haukifai kabisa. Majani yake yalikuwa yamekunjwa.

Shangazi alitoka amevaa gauni la kulalia. Kifuani, upande wa kushoto, palikuwa na tundu la kiganja, limepindwa kingo. Ngozi yake haikuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Wala sikusikia mkasi," akaninong'oneza.

Nikageuka. Mfuko ulikuwa tawini, wa kitambaa cha gauni lile, umefungwa fundo lile lile. Hapakuwa na upepo. Ulikuwa unatikisika taratibu, ukitulia, ukitikisika tena, kama moyo unaodunda.