Sauti ya Adija Hewani

Kompyuta ya kazini ya Adija ilikuwa na ugonjwa wa kuzimika ovyo, na kila ilipozimika ilitoa harufu ya majivu yaliyonyeshewa mvua. Hakujali sana. Ulikuwa mwaka ule wa vita ambapo watu wa Niemba walikimbilia Kalemie wakajenga vibanda vya majani kandokando ya mji, na ile redio ndogo alikofanya kazi haikuwa na mashine nyingine, ila moja kuukuu ya akiba, aliyoifungia mwenyewe kabatini.

Kazi yake ilikuwa matangazo. Mama fulani anatafuta wanawe. Barabara fulani haipitiki. Wakimbizi walimwamini. Adija akisema msipite, hawapiti.

Mchana mmoja, yuko sokoni ananunua ndakala, wale dagaa wa ziwani, akasikia sauti yake ikitoka kwenye redio ya muuzaji: "Ndugu zetu wa Niemba, njia iko salama. Rudini."

Hakuwahi kuyatamka maneno hayo.

Alikimbilia ofisi ya redio akiwa na jina moja moyoni: Valère, fundi wa mitambo, ambaye alijua kukata sauti na kuunga. Alimkuta amesimama mbali na meza, mgongo ukutani.

"Mama Adija, miye sikugusa," Valère alinong'ona. "Ile mashini njo ilisema yenyewe."

Adija alimwuliza nani kamtuma. Valère alizima mitambo yote, akapanda pikipiki kwenda kuwazuia watu kabla hawajafika mbali, na hata hilo Adija alilishuku.

Akaitoa mashine ya akiba. Haikuwahi kuunganishwa na ile mbovu, wala mkono wa Valère haukuwahi kuigusa. Alirekodi taratibu: msirudi, njia si salama. Kisha akabonyeza asikilize, na sauti yake ikatoka laini, yenye huruma kuliko aliyowahi kuwa nayo, ikisema rudini, rudini, akazima na bado ikasema, akachomoa waya na bado ikasema, mpaka akagundua kwamba spika ziko kimya na midomo inayocheza ni yake.

Valère alirudi jioni, amelowa. Aliikuta familia moja mbali barabarani, akairudisha kwa nguvu. Walimwambia Mama Adija alikuwa anatembea mbele yao kwenye majani marefu, hawamwoni, wanamsikia tu akiwaita.

Mjomba wa Adija, Shehe Abdoul-Karim, alizisomea mashine zote mbili. Zilikuwa mashine tu. Kisha akamgeukia Adija, akamsikiliza anavyopumua, akarudi hatua nyuma.

"Huyu aliyekuingia hatoki kwa kisomo cha siku moja," alisema kwa sauti ya chini. "Kaona watu wanakutii, kakupenda. Usimpe neno hata moja, mwanangu. Akikosa maneno, huenda akachoka."

Siku hizi matangazo anasoma mtangazaji mwingine, Bertille. Valère bado humletea Adija samaki nyumbani, na Adija, ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kumwomba radhi, humshika mkono tu. Hazungumzi na mtu. Mchana wote midomo yake imefumbwa.

Wanawe wamefundishwa jambo moja, hata yule mdogo analijua: mama akikupungia mkono, mwendee, akikuita kwa jina, mkimbie.