Saruji Chini ya Kitanda cha Mama

Kila asubuhi Mama Bernadina alifagia nyumba yake. Kabla ya kufagia alichota maji kwa kopo. Alichovya vidole, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiruke. Vumbi la kijiji cha Daa ni jekundu. Likiruka huingia kila mahali: kwenye uji, kwenye blanketi, hata kwenye kope za macho.

Alinyunyiza mlangoni. Alinyunyiza karibu na mafiga. Mwisho alipiga magoti kwa taabu, akanyunyiza uvunguni mwa kitanda. Huko alinyunyiza kwa uangalifu kuliko mahali pengine, maana huko kulikuwa na saruji ya mwanawe Piusi.

Ilikuwa mifuko mitatu. Miwili ililala sakafuni, na wa tatu ulikuwa juu yake. Piusi aliipata Karatu mjini mwaka 1982, baada ya kupanga foleni siku mbili. Wakati ule saruji ilikuwa adimu. Mtu aliweza kutembea na kibali mfukoni mpaka karatasi ikachakaa, na saruji asiione. Piusi alipopata mifuko mitatu aliileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, akiimba njia nzima.

"Mama, nitaiweka chini ya kitanda chako," alisema. "Hapo mwizi hafiki."

"Akifika atanikuta macho," mama yake alijibu.

Piusi alitaka kumjengea mama yake nyumba. Ile aliyokaa ilikuwa tembe ya zamani. Marehemu mumewe aliichimba ndani ya mlima, kama wazee wa Kiiraqw walivyofanya. Paa lake lilikuwa bapa, la miti na udongo. Ukuta wa nyuma ulikuwa mlima wenyewe. Ilikuwa nyumba yenye joto, na watoto saba walizaliwa humo. Lakini kila masika maji yalichuruzika kwenye ukuta ule wa nyuma, na sakafu ikawa baridi na yenye unyevu. Magoti ya Mama Bernadina yalivimba. Masika ya mwaka 1983 hakuweza kuinuka kitandani peke yake. Kila asubuhi Piusi alikuja, akamshika mikono miwili, akamwinua.

Mganga wa zahanati alimwambia Piusi waziwazi, "Mtoe mama katika unyevu huu. Masika nyingine humo ndani, sijui kama atasimama tena."

Piusi alikuwa mtu mwema, lakini kwa ukaidi aliweza kumshinda punda. Alitaka nyumba ya saruji tupu, kuanzia chini hadi juu. Alihitaji mifuko ishirini. Alikuwa na mitatu. Basi akangoja.

Mkewe Lukresia alimwambia mara nyingi, "Baba Sylvesta, tujenge kwa tofali za udongo. Udongo tunao."

"Mama yangu hatatoka kwenye udongo akaingia kwenye udongo," Piusi alijibu.

Hayo yalikuwa maneno ya upendo. Lakini upendo hauzuii mvua. Mwaka ukapita, na nusu ya mwaka mwingine.

Januari ya 1984, mti mmoja wa paa la tembe ulipasuka. Ulilia kwa sauti kubwa mchana, Mama Bernadina akiwa anachambua maharage. Udongo ulimwagika ndani ya ungo wake. Hakuumia. Lakini Piusi alipouona ule mti aliingiwa na hofu. Masika ilikuwa imebakiza miezi miwili tu.

Kesho yake alikwenda Karatu mjini kumwita Fundi Saidi. Saidi alikuwa mwashi wa siku nyingi, mtu wa kofia ya kufuma na maneno machache. Alifika Daa akiwa na mwiko na kamba yake ndani ya kikapu.

"Hodi!"

"Karibu, fundi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, kaa karibu na moto."

Saidi alisalimia, akanywa uji, akashukuru. Kisha akasema, "Nionyesheni saruji."

Piusi aliinama uvunguni akavuta mfuko wa juu. Ulikuja. Akavuta wa chini. Ulikuwa mgumu, na ulitoka mzima mzima. Saidi aliugonga kwa mpini wa mwiko. Ko! Ko! Akaugonga na ule mwingine. Ko!

"Ndugu Piusi," alisema polepole, "hii si saruji tena. Hii ni mawe."

"Wameniuzia mbovu!" Piusi alipiga kelele. "Siku mbili kwenye foleni, kumbe wameniuzia mbovu!"

"Hapana. Ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbovu isingeshikana namna hii. Imekunywa maji."

"Maji gani? Mvua haifiki hapa uvunguni!"

Mama Bernadina alikuwa ameshika kopo lake. Akalificha nyuma ya kanga.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe umefanyaje, mama?" Lukresia aliuliza.

"Nilinyunyiza maji kila siku. Nilisikia saruji ni unga. Nikasema unga ukiingia vumbi unaharibika. Nilikuwa naitunza." Aliugusa mfuko ule mgumu. "Nilikuwa naitunza, jamani."

Piusi alitoka nje, akaenda kwenye zizi, akasimama na ng'ombe. Mama Bernadina alianza kulia. Lukresia akaketi kando yake, akamshika mkono, naye akalia kidogo, maana ni vigumu kumtazama mzee akilia ukabaki na macho makavu.

Fundi Saidi alimfuata Piusi zizini.

"Unamkasirikia mama?"

"Mwaka na nusu, fundi. Mwaka na nusu nimengoja."

"Sikiliza. Mama amenyunyiza matone. Ni kweli, yamechangia. Lakini hata bila tone moja, saruji ile ingeganda. Nani aliiweka juu ya sakafu ya udongo?"

Piusi alitazama kwato za ng'ombe. "Mimi."

"Nani aliisogeza ikagusa ukuta, na ukuta wenyewe ni mlima?"

"Mimi."

"Umeona chumvi wakati wa masika inavyolowa ndani ya kopo? Hakuna aliyeimwagia maji. Inavuta unyevu wa hewa. Saruji nayo ni hivyo hivyo. Iweke juu ya mbao, isiguse ardhi. Iweke mbali na ukuta. Ifunike vizuri. Na hata hivyo, usiiweke zaidi ya miezi mitatu."

"Sasa nifanyeje? Ukiipata leo, kesho haipo. Ndiyo maana niliiweka."

"Najua. Wengi wanafanya hivyo, nami nimechoka kuzika saruji za watu. Anza na vitu ulivyo navyo. Kusanya mawe, piga tofali, leta mchanga, kata nyasi. Saruji ni mgeni. Haitwi mpaka chakula kiwe tayari."

Piusi alicheka bila kupenda. Kisha akafuta uso kwa mkono wa shati, akarudi ndani. Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Aayo," alimwita kwa lugha ya nyumbani, kama alivyomwita utotoni. "Kosa ni langu. Niliiweka vibaya, halafu nikakununia. Nisamehe."

Mama Bernadina alimpapasa kichwa. "Umekimbilia kwa ng'ombe," alisema. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Akikasirika, ng'ombe ndio wanaosikia."

Mfuko wa tatu, ule uliokuwa juu, Saidi aliufungua kwa kisu. Ndani mlikuwa na mabonge. Aliyaminya kwa vidole moja moja.

"Bonge likisagika kwa vidole, bado lina kazi," alieleza. "Tulichekeche. Lisiposagika, tuliache. Na hii iliyochekechwa nguvu yake imepungua. Si ya msingi. Ni ya kazi nyepesi, labda sakafu."

Walichekecha. Wakapata nusu mfuko.

"Nusu mfuko kwa nyumba nzima!" Piusi alisema.

"Nusu mfuko kwa sakafu ya chumba cha mama," Saidi alisema. "Nyumba yenyewe tutajenga kwa udongo na mawe. Usinitazame hivyo. Tembe ya baba yako imesimama miaka mingapi?"

"Arobaini."

"Bila mfuko mmoja wa saruji. Udongo una adui mmoja tu, naye ni maji. Maji ya chini tutayazuia kwa msingi wa mawe. Maji ya juu tutayazuia kwa paa lenye upenu mrefu. Na nyumba tutaitoa huku mlimani."

Lukresia alimtazama mumewe. Hakusema, "Nilikuambia." Alikohoa tu, na Piusi alielewa.

Kazi ilianza wiki ile ile. Kwanza Saidi aliomba chupa isiyo na rangi. Alitia udongo mpaka nusu, akajaza maji, akatikisa sana, akaiacha itulie mpaka kesho yake. Udongo ulikuwa umejipanga kwa matabaka. Chini palikuwa na mchanga kidogo sana. Juu palikuwa na mfinyanzi mwingi.

"Tofali za udongo huu mtupu zitapasuka," alisema. "Ongezeni mchanga wa korongoni."

Walichanganya udongo na mchanga, wakapiga tofali mbili za kujaribu. Hazikupasuka. Basi wakapiga nyingine nyingi, wakazifunika kwa nyasi zikauke polepole, zisiunguzwe na jua. Majirani walikuja kusaidia, kwa kuwa huko Daa nyumba ya mjane ni kazi ya wote. Wanaume walibeba mawe. Wanawake walikata nyasi za paa. Msingi wa mawe uliinuliwa mpaka usawa wa goti. Juu yake zikapangwa tofali. Upande wa mlima walichimba mfereji, maji ya mvua yapite mbali.

Lakini Lukresia aliona jambo moja. Tangu siku ile ya saruji, mama mkwe wake hakugusa tena kopo lake. Alifagia pakavu. Vumbi lilimjaa puani, akakohoa, wala hakunyunyiza hata tone. Lukresia alimwambia Fundi Saidi.

Mwanzoni mwa Machi nyumba iliezekwa. Saidi alishindilia kokoto katika chumba cha mama. Alichanganya ile nusu mfuko na mchanga safi, akapiga sakafu, akailainisha kwa mwiko. Kesho yake asubuhi alimwita Mama Bernadina. Alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni. Aliogopa hata kuikanyaga.

"Mama, kopo lako liko wapi?" Saidi aliuliza.

Mama Bernadina aliinamisha kichwa. "Nimeliweka mbali, mwanangu. Sitaharibu tena."

"Lilete. Nalihitaji."

"La nini?"

"Saruji inaogopa maji kabla ya kazi. Ikishamwagwa na kushika, inayataka. Ikikauka haraka inapasuka. Sakafu hii lazima inyweshwe maji siku saba, asubuhi na jioni, isikauke hata kidogo. Inataka mtu mwenye subira. Mimi sina muda. Piusi hana subira. Nimekufikiria wewe."

Mama Bernadina alimtazama ili ajue kama anatania. Hakuwa anatania.

"Siku saba?"

"Siku saba. Nyunyiza vizuri. Usiionee huruma."

Mama alicheka, na machozi yakamtoka. Lukresia alikimbia kulileta kopo. Kwa siku saba Mama Bernadina alinyunyiza sakafu yake, pembe kwa pembe. Alitandika magunia juu yake, akayalowesha nayo. Mtu akipita karibu na mlango alimkemea. Siku ya nane Saidi alikagua sakafu yote. Hakuona ufa hata mmoja.

Kabla ya kuondoka, Saidi na Piusi waliibeba ile mifuko miwili ya mawe, wakailaza mbele ya mlango iwe ngazi. Mikunjo ya karatasi ilionekana bado. Piusi alisema itamkumbusha ujinga wake kila atakapoingia kwa mama yake.

Masika ilikuja kwa nguvu, Mama Bernadina akiwa ameshahamia nyumba mpya. Ilinyesha kutwa kucha, siku tatu mfululizo. Maji ya mlimani yalifuata mfereji. Maji ya paa yalidondoka mbali na ukuta. Kule kwenye tembe, paa liliporomoka upande mmoja, mahali kilipokuwa kitanda.

Siku ya nne, asubuhi na mapema, Piusi alikwenda kwa mama yake amshike mikono na kumwinua, kama masika iliyopita. Alipokaribia aliharakisha, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

Mama Bernadina alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, juu ya mifuko ile. Miguu yake ilikuwa mikavu. Fagio lilikuwa limeegemea ukuta, na kopo lilikuwa mkononi mwake, tupu.

"Nani amekuinua?" Piusi aliuliza.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Nimekwisha kufagia."