Makombora ya Fundi Cherehani

Jamani, sogeeni niwasimulie. Wenye simu mkononi sogeeni zaidi, maana hii ni yenu.

Mtaani kwetu kulikuwa na kinyozi tuliyemwita Jenerali. Hakuwahi kushika bunduki maishani, lakini vita vya dunia nzima vilipiganwa kwenye kiti chake. Ukikaa unyolewe, kisogo chako kinageuka ramani: "Hapa mpaka, hapa vifaru vimekwama." Ukitikisika tu, umepoteza mji mkuu! Tulicheka, alasiri zikapita kwa raha.

Ng'ambo ya barabara alihamia fundi cherehani, mkimbizi wa vita vya kweli. Huyo hakutaka hata kuvitaja.

"Jirani, kwenu nani anashinda?" Jenerali alimchokoza.

"Makaburi, kaka," fundi akajibu, akaendelea kupiga pasi.

Jibu hilo lilimkera Jenerali. Mtaalamu mzima ananyimwa habari!

Siku moja tukasikia bomu limelipuka sokoni, mji wa pili tu kutoka kwetu. Mtaa mzima roho juu. Mchana huo Jenerali akamwona fundi akishusha mkokotenini vitu virefu, vya mviringo, vimefungwa plastiki nyeusi. Akapiga picha, akairusha kwenye kundi la mtaa: "Makombora haya. Mimi nayajua. Ndiyo yanayotumika kule."

Kule wapi? Hakuna aliyeuliza. Ningekuwa na akili ningeuliza mimi, lakini nilikuwa natafuta viatu nikatazame.

Barabara ikajaa watu na mawe. Mteja aliyekuwa kitini akatoka mbio kujiunga nao, kichwa kimenyolewa nusu. Jenerali akasimama mlangoni, kifua mbele. Simu yake ikaita.

"Baba watoto, huko nje kuna nini?" Ni mkewe, ananong'ona. "Niko kwa fundi napimwa gauni. Wanavunja dirisha! Na mtoto ninaye."

Jenerali alivuka barabara bila kutazama magari. "Acheni! Nimekosea! Si makombora!"

"Wamekununua saa ngapi?" mmoja akamkejeli. "Sasa hivi makombora, mara yamekuwa mifagio?"

"Mke wangu yumo ndani!"

"Kumbe na shemeji ni mwenzao!"

Hapo ndipo Jenerali alipoishiwa amri.

Mlango ukafunguka. Fundi akatoka peke yake, amekumbatia kimoja cha vile vitu. Akaichana plastiki. Jora la kitambaa cha buluu likajiviringisha ngazini, likafika miguuni mwa watu. Lakini jiwe lilikwisha kurushwa. Likamvunja vidole vya mkono wa kulia.

Kisha sauti moja ikasema, "Hiyo ni sare ya shule ya mwanangu."

Mke na mtoto walitoka salama. Vidole vya fundi havikunyooka tena, wala mkasi havikushika.

Jenerali alimfuata hospitali, analia kama mtoto. "Nisamehe, jirani. Nilikuwa na uhakika."

"Hata kwetu, kaka, vita vilianza na mtu mwenye uhakika," fundi akamjibu, akageukia ukutani.

Alipotoka hospitali alihama. Muhula ukafunguliwa, watoto wetu wakaenda shule na magauni na kaptula za mwaka jana, zimewabana.

FUNZO

Ndugu zangu, vita vya mbali si mchezo wa kibarazani. Hofu ikikushika, mwendee jirani umuulize kabla hujamtangaza. Uvumi ukishauachia, hata wewe uliyeuzaa utauita na hautageuka.