Tulinyamaza Mpaka Orrin Akafukiwa

Udongo ulimfukia mdogo wangu Orrin mchana kweupe... na hakuna aliyepiga kelele!

Jamani, msinihukumu kabla sijamaliza.

Naitwa Electa. Kwetu ni vilimani, magharibi mwa jimbo la New York, Marekani. Mwaka ule, 1826, nusu ya majirani zetu walikuwa wanachimba hazina. Walisema kuna dhahabu ilizikwa zamani, na mizimu inailinda.

Mimi ndiye niliyekuwa macho yao. Nilikuwa na jiwe jeupe, dogo kama yai la njiwa. Naliweka ndani ya kofia, nazamisha uso humo, halafu nawaambia wachimbe wapi.

Sharti lilikuwa moja. Duara likishachorwa kuzunguka shimo, hakuna kuongea. Neno moja tu, hazina inadidimia!

Siku ile Orrin, miaka kumi na sita, aliruka shimoni akicheka.

"Dada, jiwe lako likishaona dhahabu, liulize na soksi yangu iko wapi!"

"Nawa miguu kwanza, soksi itarudi yenyewe!"

"Shhh!" Baba akachora duara kwa upanga wake wa zamani.

Ndiyo yakawa maneno yetu ya mwisho...

Uso wangu ulikuwa kofiani. Nikasikia sepetu. Kisha kishindo. Kisha Baba analia.

Tulimchimbua kwa mikono. Alikuwa ameshakata roho.

Miaka minne ikapita. Wakaja wahubiri wa kanisa jipya, na kitabu mkononi. Walisema kijana mmoja wa wilaya ya jirani alifukua mabamba ya dhahabu kilimani, na maneno yake ndiyo hicho kitabu. Na aliyasoma kwa jiwe, ndani ya kofia!

Baba akanikalisha jikoni. Uji wa mahindi ukapoa mbele yetu.

"Electa, wanasema nikibatizwa nitamwona tena Orrin. Wewe ndiye unayejua mambo haya. Jiwe linaona kweli?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikisema ukweli, mdogo wangu alikufa bure. Nikidanganya, nampeleka Baba mtoni kubatizwa kwa uongo wangu.

"La yule kijana silijui, Baba. Langu... halikuwahi kuona kitu. Niliona giza la kofia tu! Nilidanganya kwa sababu ulikuwa unafurahi kuchimba."

Akasogeza bakuli la uji pembeni.

"Nilijua, mwanangu."

"Ulijua?!"

"Tangu siku ya kwanza. Mama yako alipofariki uliacha kuongea, mwaka mzima. Ulipookota lile jiwe ndipo ukafungua mdomo. Ningechimba vilima vyote hivi ili nikusikie tu."

"Sasa siku ile, Baba..."

"Niliuona udongo ukimeguka. Nikawaza, nikipiga kelele nitamharibia Electa hazina yake, atakuwa bubu tena. Nikasita... kidogo tu, mwanangu. Kidogo tu!"

Jumapili alibatizwa. Nilisimama ukingoni nimemshikia koti, nikiomba huyo kijana awe ameona kweli.

Wapendwa, huyo unayemfichia ukweli ili asiumie, huenda naye anakufichia wewe. Ongeeni. Mimi na Baba sasa tunaambiana kila kitu.

Ila Orrin hayupo wa kutusikia.